Kidole cha Mutombo na pointi ambazo hazikuandikwa

Ubishi ulianza na picha. Pale kijiweni kwetu Mwanga, Kigoma, kwenye benchi la muuza kahawa, kijana wa bodaboda alitupitishia simu yake: jamaa mrefu wa kutisha, jezi namba 55, mkono juu, kidole cha shahada kimesimama peke yake. "Mnamwona huyu? Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kajenga hospitali kubwa Marekani." Mzee mmoja aliyewahi kufanya biashara Kalemie akatikisa kichwa. "Huyo si Mtanzania, mwanangu. Ni Mkongomani, na hospitali iko Kinshasa." Wa tatu ni fundi cherehani ambaye kazi yake ya pili ni kupinga. Akaichukua ile simu, akapekua, akatusomea: wastani wa pointi 9.8 kwa mechi. "Nyota gani huyo hafikishi hata kumi? Alikuwa mrefu tu, basi."

Jioni huwa nafundisha vijana kikapu, kwenye kiwanja cha saruji chenye ringi moja nzima na nyingine iliyoinamia kushoto, kwa hiyo macho yote yakahamia kwangu. Nilieleza kadiri kahawa ilivyoruhusu. Kahawa iliisha kabla ya maelezo, na kilichobaki ndicho hiki.

Kwanza tuwatenganishe watu wawili. Dikembe Mutombo, yule wa kwenye picha, ni Mkongomani aliyezaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966 na kufariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58. Hasheem Thabeet ni wetu, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, na kweli ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, yaani ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Mutombo alikuwa na urefu wa mita 2.18, Hasheem 2.21. Nafasi uwanjani ni ileile. Tena walipishana mlangoni: Mutombo aliumia goti Aprili 2009 na mpira wake ukaishia hapo, Juni mwaka huohuo Hasheem akachaguliwa kuingia ligi. Kwa hiyo kijana wa bodaboda asamehewe. Hata sisi wa Kigoma tuna kosa letu, maana tukisikia Mkongo tunamfikiria mtu wa ng'ambo ya ziwa anayekuja na boti na kuongea Kiswahili kama sisi, chenye ladha yake. Kinshasa iko upande wa pili kabisa wa nchi ile, ambako Lingala ndiyo lugha ya mjini, na Mutombo mwenyewe alikuwa Mluba.

Kosa la pili la kijiweni ni kudhani kwamba Wamarekani walikuja kuokota watu warefu Afrika kama wanavyookota mbegu. Mutombo alikwenda Marekani mwaka 1987, akiwa na miaka 21, kwa ufadhili wa masomo wa USAID. Alikwenda kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Kiingereza kilikuwa cha kubabaisha, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo kabisa. Kocha wa Georgetown, John Thompson, naye alikuwa mtu mrefu na aliwahi kuwa senta, kwa hiyo unaweza kukisia alivyojisikia kuona mwanafunzi wa mita mbili na ushei akipita na vitabu. Mwaka wa pili Mutombo alikuwa kikosini. Udaktari na mazoezi vikagombana, udaktari ukashindwa; alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, na mwaka huo timu ya Denver Nuggets ikamchukua akiwa chaguo la nne kati ya wachezaji wapya wa ligi. Ule udaktari tuuweke kando kwanza, utarudi.

Birika na kashata

Sasa swali la fundi, ambalo ndilo zito. Mtu asiyefunga sana anakuwaje nyota?

Kikapu huchezwa na watu watano kila upande, na ringi iko juu mita 3.05 kutoka chini. Senta kwa kawaida ndiye mrefu kuliko wenzake, na makazi yake ni karibu na ringi. Timu yake ikishambulia, anapokea mipira ya karibu na kuitumbukiza. Ikishambuliwa, anailinda ringi. Wengi wetu tunaangalia nusu ya kwanza ya kazi hiyo, kwa sababu ndiyo inayobadilisha ubao wa matokeo. Mutombo alikuwa bingwa wa nusu ya pili. Na nusu ya pili ina maneno mawili ya kujua: ribaundi, ambayo ni kuudaka mpira uliopigwa ukakosa kuingia, na bloku, yaani kuuzuia kwa mkono mpira uliokwisha kupigwa kuelekea kwenye ringi, ukiwa bado angani.

Nilichukua vikombe vinne vya kahawa nikavipanga kwenye benchi, kashata nikaiweka mwisho, ikawa ringi. Kisha nikaomba birika. Muuza kahawa akanuna kidogo, akanipa. Nikaliweka pembeni mwa kashata, linatoka moshi. "Fundi," nikamwambia, "chukua kashata." Akapeleka mkono moja kwa moja, akahisi joto, akauzungusha kwa nyuma, kiwiko kikagusa kikombe, kahawa ikamwagika kwenye suruali ya mzee. Kashata hakuipata. Tukaombana radhi. Lakini somo lilikuwa limekwisha: birika halikumgusa mtu, halikusogea hata inchi, na bado liliharibu mipango yote.

Ndivyo senta mzuri wa kuzuia anavyofanya kazi. Mshambuliaji anaingia mbio, anamwona kwa pembe ya jicho, anakata shauri kurudisha mpira nje, au anautupa juu kuliko alivyozoea, au anasimama na kupiga kutoka mahali asipopapenda. Hakuna bloku iliyoandikwa hapo. Hakuna namba yoyote iliyoandikwa. Timu pinzani imekosa tu, na sisi watazamaji tunasema leo mkono wao mbaya.

Mzee, huku akifuta suruali, alilisema vizuri kuliko mimi. "Kumbe ni kama ufukwe wenye mamba. Akishamkamata mmoja, mtaa mzima unaenda kuchota maji kwingine."

Bila kumlipia kahawa yule mzee nisingekuwa muungwana.

Ukishaushika mfano wa mamba, namba za Mutombo zinasomeka vingine. Kwa misimu 18 alizuia mipira 3,289. Tangu NBA ianze kuziandika bloku, aliyemzidi ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Lagos, mwenye 3,830. Fundi alikuwa tayari na jibu: gawanya kwa mechi zake, unapata bloku 2.8, yaani hazifiki hata tatu, wakati timu moja hupiga mipira themanini na zaidi kwa usiku mmoja. Hesabu yake ni sahihi. Anachosahau ni watu waliochota maji kwingine.

Na angalia hilo neno, "tangu ianze kuziandika". Bloku zilianza kuhesabiwa rasmi katika msimu wa 1973–74. Bill Russell, aliyeipa Boston Celtics ubingwa mara 11 na ambaye wengi humwona mlinzi mkubwa kuliko wote, alikuwa amestaafu tangu 1969. Kitabuni ana bloku sifuri. Si kwamba hakuzuia. Karani hakuwa ameambiwa aandike. Mwenye duka akiwa na daftari la mauzo peke yake, mlinzi wa usiku ataonekana kila mwezi kuwa hasara.

Kuhusu zile pointi 9.8, wastani nao una ujanja wake. Msimu wake wa kwanza Mutombo alifunga wastani wa pointi 16.6. Lakini alicheza mpaka akaribie miaka 43, na miaka ya mwisho, akiwa Houston, aliingia kwa dakika chache kumpumzisha mwenzake. Zote hizo huchanganywa kwenye kapu moja. Ni sawa na kumpima mvuvi wa dagaa wa Kibirizi kwa mwezi mzima, siku za mbalamwezi zikiwemo, ambapo taa hazisaidii na mitumbwi imelala mchangani. Kwa wastani wa ribaundi alibaki na 10.3 kwa mechi hata baada ya kuchanganya huko, na mara nne alitajwa mchezaji bora wa kuzuia wa ligi: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mpaka anafariki, hakuna aliyekuwa amelichukua taji hilo mara tano. Ben Wallace na Rudy Gobert walifika naye kwenye nne.

Hodi na karibu

Vijana wangu huuliza: kama mtu ni mrefu hivyo, kwa nini asisimame tu chini ya ringi autoe kila mpira unaotaka kuingia?

Sheria inamkataza. Mpira uliopigwa kuelekea ringi unaruhusiwa kuguswa na mlinzi wakati ungali unapanda. Ukishaanza kushuka kuelekea kwenye ringi, ni marufuku. Ukiugusa, pointi zinahesabiwa kana kwamba umeingia. Nawaambia hivi: mpira unaopanda ni mgeni anayepiga hodi, bado unaweza kumwambia mwenye nyumba hayupo. Ukianza kushuka, ameshaitikiwa karibu. Huwezi tena kumfungia mlango usoni.

Kwa hiyo bloku ni suala la nukta moja ya sekunde, na hapo urefu peke yake unaanza kukutupa. Ukiruka mapema, mshambuliaji anakungoja ushuke, kisha anapiga. Ukichelewa, karibu imeshatamkwa. Ukimgonga mwili au mkono, ni faulo. Mutombo hakuwa mrukaji wa kupaa. Alikuwa na mikono mirefu, miguu inayowahi mahali, na subira.

Tena bloku si lazima iwe na kishindo. Mpira uliopigwa kofi ukatoka nje ya uwanja unarudi kwa walewale walioupiga, wanaanza upya. Russell alisifika kwa kuugusa mpira polepole ukaangukia kwa wenzake. Watazamaji hushangilia zaidi ule wa kofi, bila shaka. Vijana wangu pia.

Siku ambayo dunia ilielewa ni tarehe 7 Mei 1994. Seattle SuperSonics walikuwa wamemaliza msimu na ushindi 63, wa kwanza kabisa katika ligi. Denver walikuwa na 42, wakaingia mechi za mtoano wakiwa nafasi ya nane upande wao, ya mwisho. Hakuna timu ya nafasi ya nane iliyokuwa imewahi kumtoa wa kwanza. Wa kwanza kushinda mechi tatu ndiye angesonga mbele. Seattle wakashinda mbili za mwanzo nyumbani kwao, Denver wakasawazisha kwao, na ya tano ikachezwa Seattle, ikaenda muda wa nyongeza, ikaisha 98 kwa 94. Denver wamepita. Mutombo alizuia mipira 31 katika mechi hizo tano. Filimbi ya mwisho ilimkuta chini sakafuni, chali, ameubeba mpira kwa mikono miwili juu ya uso wake, anacheka kama mtoto aliyepewa kitu asichoamini kuwa ni chake. Hiyo picha naipenda kuliko ya kidole.

Lakini kidole ndicho kilichouza. Baada ya kuzuia mpira alikuwa akikiinua na kukitikisa kushoto kulia mbele ya aliyenyimwa, kama mama anavyomkatalia mtoto sukari ya pili. Hapana, hapana, hapana. Ligi iliona ni kebehi, na kebehi mbele ya mpinzani huadhibiwa kwa faulo ya utovu wa nidhamu, kwa hiyo akajifunza kuwageukia watazamaji na kuwatikisia wao. Mwaka 1997, katika mechi za mtoano, Michael Jordan alimpita hewani akaudanki mpira, yaani akautumbukiza ringini kwa mkono, mbele yake, kisha akamrudishia kidole kilekile, na refa akamwadhibu Jordan. Wapo wanaosema kijiweni kwamba kidole kilikuwa majivuno. Mimi naona kilikuwa na kazi: tendo lisilobadilisha ubao lilipata alama yake. Mfungaji ana pointi mbili za kuonyesha. Mzuiaji alijitengenezea kidole.

Sifa zisitupofushe, hata hivyo. Ubingwa hakuupata. Alifika fainali mara mbili, mwaka 2001 akiwa na Philadelphia, wakapigwa na Lakers mechi nne kwa moja, na 2003 akiwa na New Jersey Nets, wakafungwa na San Antonio. Akiwa na mpira mkononi hakuwa mtu wa kuumizia kichwa. Denver, Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York, Houston: timu sita. Mwaka 2015 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa kikapu kule Springfield, na Denver na Atlanta zote ziliitundika jezi namba 55, haivaliwi tena na mtu.

Mrefu tu?

Turudi kwa Hasheem, maana hapa Kigoma kila kijana akirefuka kidogo anaambiwa "nenda kacheze kikapu ukatajirike kama Hasheem", na mwaka unaofuata walewale wanasema Hasheem alifeli.

Mwaka 2009 alikuwa chaguo la pili la drafti. Si ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa pembeni ya kijiwe chetu. Hii ni siku ambayo timu za NBA hugawana wachezaji wapya kwa zamu, na zamu za mwanzo hupewa timu zilizofanya vibaya, kwa bahati nasibu. Ni mnada uliogeuzwa: kana kwamba mchuuzi aliyepata hasara msimu uliopita ndiye anaruhusiwa kuchagua kapu la migebuka kabla ya wenye pesa. Kwa hiyo kuitwa wa pili maana yake ni kwamba timu fulani ilitarajia makubwa. Kipimo cha matarajio ni kimoja, kipimo cha mchezaji ni kingine, na ubishi wetu wote juu ya Hasheem unatokana na kuvichanganya. Ni mtu aliyeanza kucheza akiwa kijana mkubwa tayari, akafika katika ligi ngumu kuliko zote duniani, akaicheza kwa misimu mitano. Wastani wake ulikuwa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Kwa mtu wa kawaida huo ni muujiza. Kwa chaguo la pili ni kidogo. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Na kuna jambo ambalo halikuwa mikononi mwake. Katika drafti ileile, chaguo la saba alikuwa Stephen Curry. Curry na wenzake waliubadilisha mchezo ukawa wa kupiga kutoka mbali, nje ya mstari wa pointi tatu. Timu zikaanza kumvuta senta aje nje kumkaba mtu mwepesi, na ringi ikabaki bila birika. Hata sheria ilikuwa imeshasogea: tangu msimu wa 2001–02 mlinzi wa NBA haruhusiwi kukaa eneo la chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. Mutombo alilipata soko la walinzi wa mlangoni likiwa limechangamka. Hasheem alilikuta linafungwa.

Kwa hiyo ukimwona kijana mrefu Ujiji au Kasulu, usimwambie atatajirika. Muulize kama anaupenda mchezo. Nimewahi kuwa na kijana aliyemzidi kila mtu mtaani kwa kichwa kizima, mama yake akamleta mwenyewe kwa mkono. Wiki ya tatu alinifuata faragha: "Mwalimu, mimi napenda kushona." Sasa yuko kwa fundi huyohuyo mbishi, na suruali anazokata zinakaa vizuri.

Ule udaktari

Hospitali sasa. Mama yake Mutombo aliitwa Biamba Marie. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati utawala wa Mobutu unaporomoka na Kinshasa ikiwa katika vurugu, aliugua na hakuweza kufikishwa hospitali kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa. Akafa nyumbani. Mwanawe wakati huo alikuwa mmoja wa wachezaji wanaolipwa vizuri Marekani.

Hilo halihitaji mfano kwa mtu wa hapa. Waliokuja na boti mwaka 1996 na 1997, na wengi wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, walikuwa wakiikimbia vita hiyohiyo, mwanzo wake ukiwa huku mashariki.

Mwaka 1997 Mutombo alianzisha taasisi yake, na kazi yake kubwa ikawa hospitali ya vitanda 300 eneo la Masina, Kinshasa, yenye jina la mama yake. Ilizinduliwa 2006 na kuanza kupokea wagonjwa 2007. Hapa kuna uvumi wa aina mbili wa kusahihisha. Si NBA iliyoijenga. Wala hakuijenga peke yake kwa asilimia mia: gharama ilikuwa dola milioni 29 hivi, yeye akatoa zaidi ya milioni 15, nyingine zikachangwa. Kwa mchezaji mmoja hiyo ni fedha ya kutoa jasho, hata kama ni tajiri. Alilolifuata Georgetown mwaka 1987 alilipata kwa mlango wa nyuma, miaka 20 baadaye, bila kuvaa koti jeupe.

Mambo mengine aliyafanya kwa sauti ndogo. Mwaka 1996 timu ya wanawake ya kikapu ya Zaire ilifuzu Olimpiki ya Atlanta, na Mutombo ndiye aliyewagharamia. Mwaka 2003 alikuwa Johannesburg katika kambi ya kwanza ya NBA ya vijana wa Afrika. Ni katika kambi za mfululizo huo ambapo baadaye walionekana Joel Embiid na Pascal Siakam wa Cameroon. Aliwekeza fedha zake katika NBA Africa, kampuni iliyo nyuma ya ligi ya vilabu ya Afrika, BAL, ambayo ilianza Kigali Mei 2021. Kigali, ndugu zangu. Kutoka hapa ni karibu kuliko Dar.

Lakini alama ninayoiona mimi iko kwa Wakongomani wa upande wetu, wanaoongea Kiswahili. Bismack Biyombo, naye aliyefika NBA, ni wa Lubumbashi. Mwaka 2022 alitoa mshahara wake wote wa msimu kujenga hospitali Kongo kwa jina la baba yake marehemu. Jonathan Kuminga ni wa Goma. Biyombo ni senta, mzuiaji, pointi chache. Kila ninapomwona najiuliza kama fundi angemwita naye mrefu tu.

Nilimaliza maelezo, au tuseme nililipa kahawa tatu na suruali ikakauka. Fundi akasema amenielewa ila hajakubali.

Jioni ile kiwanjani kijana wangu mrefu kuliko wote alisimama chini ya ile ringi nzima. Mwenzake mfupi akaja mbio, akaruka, akaachia mpira. Mrefu akaupiga kofi, pah! ukavuka ukuta hadi mtaroni, ng'ambo ya barabara. Watoto wakashangilia. Yeye akageuka, akainua kidole, akakitikisa kushoto kulia, akawazungukia watazamaji wote kumi na wawili bila kumsahau hata mmoja. Yule mfupi alikuwa ameshaufuata mpira mtaroni. Akaufuta kwa fulana, akaurusha ndani kwa mwenzake, akarudishiwa, akafunga. Kidole kilikuwa bado juu.